Naam Iliyokosa Mlingoti

Ipo nchi moja, na msiniulize iko wapi, maana hata raia wake wakiulizwa hutazama kwanza nyuma yao ndipo wajibu kwamba hawaijui. Ni nchi nzuri, mimi sina ubaya nayo. Ina bendera, ina wimbo, ina Mlezi wa Taifa ambaye picha yake imetundikwa mpaka kwenye mabanda ya kuku, na kuku wanataga. Imegawanyika mikoa miwili: Juu, kwenye milima ya baridi, na Chini, kwenye nyanda za joto. Watu wa mikoa hiyo hawajapata kugombana hata siku moja, kwa sababu hawajapata kuelewana kiasi cha kugombana.

Huko Chini aliishi mjane mmoja, Bi Sikudhani binti Mbaruku. Asubuhi alikaanga bagia akauza barazani. Jioni aliketi mbele ya redio ya kuitana, si ile ya kusikiliza hotuba, bali ile unayosema nayo na mwenzako akakujibu. Aliiunda mwenyewe kwa bati la biskuti, matumbo ya televisheni iliyokufa, na ukaidi. Wapenda mitambo kama yeye walikuwa wengi, nao walijiita Watu wa Hewani. Kila jua likizama walikutana. Na mkutano wao ulikuwa hivi: kila mtu alibaki kwake, akafunga mlango, akawasha redio. Kukutana uso kwa uso ulikuwa utovu wa adabu. Majina ya nyumbani hayakutajwa. Kila mmoja alikuwa na jina lake la hewani, na la Bi Sikudhani lilikuwa Chungu Kimoja.

Rafiki yake mkubwa huko hewani aliitwa Kengele Tatu, mwanamume mwenye kikohozi kikavu, ndiye aliyemfundisha kuunga nyaya, ndiye aliyemliwaza mumewe alipofariki. Miaka nenda miaka rudi waliongea, wala hakujua anakaa mtaa gani. Kuulizia sura ya mwenye sauti, kwa watu wa Chini, ni kukosa malezi.

Tena walikuwa na desturi moja iliyozidi zote. Mtu wa Chini hamwambii mwenzake hapana. Neno hilo kwao ni kofi la shavuni. Akikubali jambo, atasema "Naam!" mpaka mtaa wa pili wasikie. Akikataa, ananyamaza. Kimya kikishakaa, mwombaji anashukuru, anaaga, na habari hairudiwi tena. Wanasimulia kwamba zamani mkuu wa mkoa mmoja alitangaza kodi ya vivuli. Soko zima likamnyamazia. Kesho yake likamnyamazia tena, mpaka akafungasha mizigo mwenyewe, akaondoka, na kivuli chake hakikulipiwa.

Huko Juu, astaghafirullah, ilikuwa kinyume. Wapenda mitambo wa Juu waliitwa Chama cha Meza. Kila Jumamosi waliizunguka meza moja kubwa ya mninga, nyama ikichomwa uani, wote wakisema kwa mpigo. Redio zao zilikuwa za bei mbaya, zimepangwa mezani zikimeremeta, na zote zimezimwa, kwani redio ikiwashwa huingilia mazungumzo kuhusu redio. Mtu wa Juu akikataa jambo, hupiga meza na kupayuka. Akikubali, ananyamaza na kutafuna. Kwao asiyepiga meza amekubali, na habari imekwisha.

*

Bi Sikudhani alikuwa na mtoto mmoja tu, Masika. Serikali ilimwajiri kupima vumbi katika Jangwa la Chumvi. Kila siku alipima, kila siku aliandika kwamba lipo. Simu hazikufika huko. Barua nazo zilipitia Wizara ya Maelewano, ambako zilisomwa kwa kituo. Kiumbe pekee aliyekwenda na kurudi alikuwa dereva wa boza la maji, naye alikuwa ameshaondoka kwa safari yake ndefu ya kuzungukia vituo vyote.

Lakini nyuma ya kinu cha pamba, juu ya kilima, Watu wa Hewani walikuwa wamesimamisha mlingoti wao, mrefu, mwembamba, wa vyuma vya kuokoteza. Sauti za redio zao ndogo zilipanda mlingoti ule, nao ukazirusha mbali. Kwa njia hiyo mama na mwana walisikilizana.

Jioni moja Masika aliita. "Chungu Kimoja, Chungu Kimoja. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nina neno. Nakuachia hewa." Hivyo ndivyo walivyopokezana: anayemaliza humwachia mwenzake hewa.

Bi Sikudhani akavuta kigoda karibu. Mtoto wa kiume akitangaza kwamba ana neno, neno hilo huwa linavaa kanga. "Jina lake nani?" akauliza.

"Anaitwa Nyambuli. Anapika kwenye kambi ya wachimba chumvi. Mama, ni mtu wa Juu. Anaongea sana. Hata ugali ukiungua, anaugombeza."

Mama akageuza uso asisikike akicheka. Moyoni alikwisha kubali, alikwisha kumpenda huyo mgombeza ugali. Lakini kwa watu wa Chini mzazi hajibu posa siku hiyo hiyo. Anayejibu papo kwa papo huonekana alikuwa akingoja kumwondoa mtoto. "Nitakujibu mwezi ukiandama," akasema.

"Vyema, mama. Jioni hiyo nitakuwa hewani. Nikisikia Naam, nitachinja mbuzi. Nikisikia kimya, nitaelewa, wala sitakuuliza tena. Kambi itahama siku ya pili yake, na Nyambuli atahama nayo kama hana neno langu."

Tangu hapo Bi Sikudhani alitembea na Naam ile kinywani kama mtu aliyeficha peremende. Aliziambia Naam bagia zilipoiva. Alimwambia Naam mbuzi wa jirani aliyemlia ndizi zake. Alikuwa na furaha, jamani, tuseme ukweli, furaha ambayo hakuwa nayo tangu mumewe azikwe.

*

Basi serikali ikagundua kwamba kuna wananchi wanaozungumza wenyewe kwa wenyewe bila kusaidiwa. Ikashtuka sana. Waziri wa Maelewano, Mheshimiwa Dakta Sefania Kilimbi, akatangaza siasa mpya: Nchi Moja, Kundi Moja. Wapenda mitambo wa Juu na wa Chini wangeunganishwa, wakutane ukumbi mmoja, waelewane, na atakayekataa kuelewana aelezwe.

Ukumbi wa Maelewano ulijengwa katikati ya mteremko, ili watu wa Juu washuke na watu wa Chini wapande, wote wafike wamechoka sawasawa. Chama cha Meza walifika na meza yao, imebebwa na lori. Watu wa Hewani waliingia mmoja mmoja, kofia zimeshushwa machoni, kanga zimefunika nyuso, kila mmoja akitafuta kiti kilichoelekea ukuta. Kwa aibu waliyokuwa nayo, ungedhani wameitwa kuoga hadharani.

Bi Sikudhani aliketi. Jirani yake akakohoa, kikohozi kikavu, mara tatu. Akageuka polepole, akaona chini ya kofia uso wa Mzee Shekimweri, muuza unga wa dengu. Kila asubuhi ya Mungu alinunua unga kwa mtu huyu, na hawajapata kuambiana zaidi ya "kilo mbili" na "chukua". Kumbe ndiye Kengele Tatu. Wakatazamana kidogo tu, kisha wote wawili wakainama kuhesabu vigae vya sakafu.

Mheshimiwa Waziri akapanda jukwaani.

"Wapenda mitambo," akasema, "na mitambo yenyewe! Serikali yenu sikivu imesikia kwamba mnasikilizana. Ikasikitika, kwa sababu ilikuwa haijasikilizishwa. Leo tumekuja kusikilizana kwa utaratibu. Kila mawasiliano yanahitaji alama. Nani anaweza kuyaona mawasiliano? Hayaonekani! Ndiyo maana Mlezi wa Taifa, kwa hekima zake, ameagiza mlingoti wa Chini ung'olewe, upelekwe makao makuu, usimamishwe mbele ya Wizara, upakwe rangi, uwekewe taa, uwe Mnara wa Maelewano. Kuanzia kesho! Lakini sisi si watawala wa mabavu. Mwenye pingamizi, aseme."

Kimya.

Watu wa Chini walinyamaza kwa nguvu zao zote. Walibana midomo, wakabana na pumzi. Kilikuwa kimya kizito, kimya cha kodi ya vivuli, kimya ambacho babu zao wangekipigia saluti. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa bahati mbaya wahenga hao walikuwa watu wa Chini, na huko Juu hawajulikani.

Mwenyekiti wa Chama cha Meza, Bwana Mwaluko, mtu mnene mwenye roho safi, akamnong'oneza mwenzake kwa ule mnong'ono wa Juu unaosikika mpaka barabarani: "Ama kweli hawa ni waungwana! Mlingoti wao wenyewe, wala hawapigi hata kelele! Sisi tungekwisha vunja viti." Akatafuna paja la kuku, akakubali pamoja nao.

Hapo Bi Sikudhani akafahamu. Akaona wazi kwamba kadiri wenzake wanavyozidi kukataa, ndivyo ukumbi unavyozidi kuwashukuru. Akafikiri juu ya mwezi, ambao ulikuwa umebakiza siku chache uandame. Akasimama.

Neno lenyewe hakuwahi kulitamka maishani. Lilimtoka kama mwiba wa samaki.

"Hapana."

Watu wa Chini wakaruka kama waliomwagiwa maji ya moto.

"Hapana!" akasema tena. "Hatutaki! Mwanangu yuko Jangwa la Chumvi, anangoja jibu langu, na jibu halina njia nyingine ila mlingoti ule. Basi ngojeni hata mwezi uandame! Mtu mzima nawaomba, ngojeni mwezi tu!"

Watu wa Juu walifurahi mno. Walipiga meza mpaka mifupa ikaruka. "Haswa, huyu ndiye mtu!" akapaza Bwana Mwaluko. "Tulidhani tumeletwa msibani! Haya mama, nani yuko nawe? Kwetu hapana moja ni mguu mmoja wa meza. Waseme na wengine, meza isimame, na sisi tutawaunga mkono papa hapa!"

Wote wakawatazama watu wa Chini. Nao, maskini, walimuunga mkono Bi Sikudhani kwa kila walichokuwa nacho: wakanyamaza zaidi. Waliamini mmoja wao akifungua kinywa, kimya kitapasuka na kukataa kwao kote kutamwagika chini. Mwenzao mmoja alikwisha kukitoboa. Wakawa wanakiziba kwa miili yao.

Bi Sikudhani akamgeukia muuza unga. "Kengele Tatu! Nakuomba. Sema na wewe!"

Kulitaja jina la hewani mbele ya uso wa mwenyewe! Mwanamke mmoja safu ya nyuma alianza kulia. Machozi yalikuwa yanamtiririka Mzee Shekimweri mpaka kwenye ndevu, lakini midomo ameibana kama kifuniko cha chupa. Akavuta kofia ikamfunika uso wote.

Bwana Mwaluko alingoja, akangoja, kisha akaketi kwa huzuni. "Pole mama," akasema. "Wenzako wamekubali."

"Sauti moja dhidi ya ukumbi mzima!" akasema Mheshimiwa Waziri, ameweka mkono kifuani. "Nchi gani nyingine ingemwachia mama huyu akasema? Mama, serikali imekusikia. Keti." Azimio likapita, na vyombo vya habari vikatangaza kwamba limepita kwa kauli moja, pungufu ya moja.

*

Mlingoti uling'olewa kesho yake, kwa bendi na ngoma. Ni kazi pekee ya serikali ninayoijua iliyofanyika siku ileile iliyotajwa.

Kule Chini hakuna aliyesema neno kwa Bi Sikudhani. Kwa fikra zao, kimya kilikuwa kimekwisha kumshinda waziri, tena waziri alikuwa anakaribia kufungasha, ndipo yeye akakipasua. Hakuna aliyenunua bagia zake. Mzee Shekimweri tu ndiye aliyempimia unga kama kawaida, kilo mbili, kisha akaongeza kiganja kimoja cha unga juu, akaangalia pembeni. Bi Sikudhani alitaka kumtukana. Alitaka pia kumshukuru. Akachukua unga akaenda zake.

Hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Aliitia redio yake kapuni, akaifunika kanga, akasafiri mpaka makao makuu. Mlingoti aliuona toka mbali. Umepakwa rangi nne za bendera, una taa zinazowaka na kuzimika, na chini yake kuna bustani na askari.

"Mwanangu," akamwambia askari, "niruhusu niunganishe waya wangu hapo. Nina neno moja tu. Nitasema, nitaondoka."

"Mama, huo si mlingoti," akasema askari kwa upole. "Huo ni mnara."

"Si ndio uleule?"

"Ni uleule, mama. Ila sasa hivi una maana."

Akaelekezwa ndani, kwa karani aliyekuwa akinywa chai. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akamwambia ombi lake limepokelewa.

"Nitajibiwa lini, baba? Mwezi unaandama kesho kutwa."

"Ukiona kimya, mama, ujue faili linatembea."

"Linatembea kwenda wapi?"

Karani aliweka kikombe chini, akamwangalia kama aliyeulizwa umri wa mkewe. "Faili la serikali haliulizwi linakokwenda."

Basi kumbe makao makuu nako wana kimya chao, cha tatu, na hicho hakikubali wala hakikatai. Bi Sikudhani akarudi kwao na kapu lake.

*

Jioni ya mwezi alipanda juu ya paa mwenyewe, na magoti yake yale. Akafunga waya wa kuanikia nguo toka paa mpaka mpapai, toka mpapai mpaka choo cha jirani. Jua lilizama. Mwezi ukaonekana, mwembamba kama ukucha, juu ya kilima kilichobaki kipara. Akashuka, akawasha redio.

Mara akamsikia. Redio ya Masika ilikuwa ya serikali, yenye nguvu za kutosha kuja. Iliyokosa nguvu za kwenda ilikuwa ya bati la biskuti.

"Chungu Kimoja, Chungu Kimoja. Shikamoo mama. Mwezi nimeuona."

"Marahaba! Naam, mwanangu! Naam! Muoe!"

"Chungu Kimoja. Nakuachia hewa."

"Naam! Naam, Masika! Wallahi Naam!"

Alipiga kelele mpaka mishipa ikasimama shingoni. Kuku wakaamka. Mtaa wa pili wakasikia, mtaa wa tatu wakasikia. Watu wa Hewani wote, kila mmoja nyuma ya mlango wake, wakamsikia Chungu Kimoja akipokea posa kama inavyopasa kupokelewa. Na kwa sababu ni watu wenye adabu, na mazungumzo yalikuwa ya mama na mwanawe, wakanyamaza.

Kule jangwani hakukufika hata mchakacho.

"Mama," akaita Masika. Sauti ilikuwa ya kijana anayejikaza. "Nakuachia hewa, mama."

Akaiacha muda mrefu, muda ambao hakuna mwana mwingine wa Chini angeiacha, kwani kukingoja kimya kibadilike ni kumkosea heshima mzazi. Bi Sikudhani hakuwa na sauti tena. Alikuwa akilipiga bati la redio kwa viganja, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba inayoungua. Kisha redio ya upande wa pili ikazimwa.

*

Mwishoni mwa mwaka Wizara iligawa tuzo. Mkoa wa Chini ulipata Kombe la Maelewano kwa kutokuwa na lalamiko hata moja. Halikuwa na mtu wa kulipokea, kwa hiyo walilipeleka kwa posta.

Juma lile lile boza la maji likarudi toka jangwani. Dereva wake, Mwakisu, mtu wa Juu, mkubwa wa sauti na mkunjufu, akagonga mlango wa Bi Sikudhani kwa ngumi, akaingia, akaketi bila kuambiwa, akajichotea bagia.

"Mama Masika! Hujambo? Huyo mwanao hajambo, kakonda tu. Kanituma neno. Kasema, 'Mwambie mama, nimekusikia.' Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. 'Mama, nimekusikia, wala sina kinyongo.' Yule binti aliondoka na kambi. Alilia njia nzima. Nilimpakia mimi, nilidhani atanijazia boza. Sasa kaolewa na mpima viwanja. Mwanao ameomba ahamishiwe kituo cha mbele zaidi, kule ambako hata mimi nafika mara moja kwa mwaka. Anasema anataka kujua tu kama mama yake ameridhika."

Bi Sikudhani alifungua kinywa. Naam ilikuwemo bado, lakini ilikuwa Naam ya kitu ambacho hakipo tena. Hapana nayo alikwisha kuijaribu. Akatafuta neno jingine katika lugha za Juu na za Chini, akalitafuta mpaka machozi yakamlenga, na hakulipata. Mwakisu alimngoja kwa heshima, akitafuna. Alimngoja mpaka bagia zikaisha sahanini.

"Basi, mama, nimekuelewa," akasema, akasimama na kujifuta mafuta mikononi. "Nitamwambia mama yake ameridhika kabisa. Hata hakuwa na la kuongeza."